MAISHA YA CARMEN AMAYA, MTOTO WA SOMORROSTRO



Katika gazeti letu hili dogo tumekwisha kusoma maisha ya wamisionere, ya waganga, ya watu waliovumbua mashini na ya viongozi wa inchi. Mara hii ninawaletea mama mmoja wa Hispania ambaye hakusoma masomo, hakuvumbua mashini yoyote, na kazi yake yote tangu utoto mpaka kufa ilikuwa kucheza dansi. Jina lake ni Carmen Amaya. Alikufa mwaka 1963, maana yake hata wazazi wetu wengi walikuwa hawajazaliwa. Ninajua kuko wenye watauliza kama maisha ya mcheza dansi inafaa kuandikwa hapa. Nawaomba wasome kwanza mpaka mwisho, kisha tugombane ku rekreasio.

Dansi yake inaitwa flamenko. Wengi wetu tulikwisha kuisikia bila kujua jina: gitare inakwenda mbio, watu wanapiga makofi, mtu mmoja anaimba kama mwenye kulia ku matanga, na mwanamke anapiga visigino chini sawa vile mvua inaangukaka juu ya mabati. Ilizaliwa kusini ya Hispania, katika jimbo la Andalusia, kati ya watu masikini, na zaidi kati ya watu waitwao Wagitano. Asili ya Wagitano ni mbali sana, ku India. Mababu zao walitembea inchi kwa inchi, miaka mamia, mpaka wakafika Hispania katika karne ya 15. Hawakupokelewa vizuri siku nyingi. Wafalme waliwatolea sheria juu ya sheria: wasiseme luga yao, wasivae mavazi yao, wasihame-hame. Mwaka 1749 mfalme Fernando wa 6 aliamuru Wagitano wote wakamatwe, na maelfu walifungwa kweli, wanaume mbali, wanawake na watoto mbali. Baadaye waliachiliwa, lakini dharau ilibaki. Mchana watu waliwanyima kazi, na usiku watu walewale waliwaita waje kuwaimbia na kuwachezea. Jambo hilo tulishike vizuri, maana linaonekana tena katika maisha yote ya Carmen.

Yeye hakuzaliwa Andalusia. Alizaliwa Barcelona, mji mkubwa wa bandari upande wa kaskazini-mashariki, katika mtaa wa Somorrostro. Mwaka wa kuzaliwa unaandikwa kwa namna mbili. Miaka mingi vitabu vilisema 1918, lakini wale waliochunguza zaidi wanasema ni 1913. Hata kwetu kuko wazee ambao umri wao unahesabiwa kwa vita fulani au kwa chifu fulani, kwa hiyo tusishangae.

Somorrostro haikuwa mtaa wa nyumba za mawe. Zilikuwa nyumba za mbao za kuokota na vipande vya mabati, zimesimama juu ya mchanga wa bahari, bila maji, bila umeme. Bahari ikichafuka, mawimbi yalikuja mpaka ndani na kubeba vitu vya watu. Sisi wenye tunakaa hapa Isangi, mahali Lomami inapoingia katika mto Kongo, hatuhitaji mtu wa kutueleza namna maji yanaingiaka katika nyumba usiku.

Baba yake alipiga gitare katika vilabu vya pombe vya bandarini. Watu walimwita El Chino, ni kusema Mchina. Mama yake aliitwa Micaela. Shangazi yake, La Faraona, alikuwa mchezaji mwenye kujulikana. Wazazi walipata watoto wengi, na wale waliokua, Paco, Leonor, Antonia, María na Antonio, wote baadaye waliingia katika kikundi cha Carmen, huyu na gitare, wale na miguu.

Sasa nifike ku jambo lenye lilinifanya nimchague yeye. Nani alimfundisha? Tukiangalia wachezaji wakubwa wa Ulaya, kila mmoja ana jina la mwalimu na jina la masomo yake. Carmen hana. Hakuwa na mwalimu, hakuwa na saa ya somo, hakuna aliyemwambia weka mguu hapa. Kati ya Wagitano dansi inafundishwa namna hii: watu wa jamaa wanakaa au wanasimama kwa duara, mmoja ana gitare, mmoja anaimba, wengine wanapiga makofi, na mtu anaingia katikati, anacheza kidogo tu, anatoka, mwingine anaingia. Bibi mzee anaingia. Mama mnene anaingia. Mtoto anakaa pembeni pamoja na mama yake, na siku moja anasukumwa katikati naye. Akikosea watu wanacheka, lakini makofi hayasimami. Hiyo ndiyo masomo yote.

Makofi yenyewe si ya kupiga ovyo. Katika dansi zao nyingi hesabu inakwenda mpaka 12, lakini nguvu haiko mahali sawasawa: inaanguka ku 3, ku 6, ku 8, ku 10 na ku 12. Jaribuni ninyi wenyewe jioni ku interna, kwa sauti ndogo ili msimwamshe mwangalizi. Mmoja ahesabu, wengine wapige ku namba zile tano tu. Mtaona kwamba mwanzo ni pole na mwisho ni kama mtu anakimbia kushuka mlima. Mkikwisha kushika hiyo, mtu mwingine apige katikati ya makofi yenu, mahali ninyi mumeacha wazi, bila kuwachanganya. Mimi na wenzangu wa kelasi ya mwisho, wenye tunapita egzame ya hesabu ngumu, tulishindwa mara nyingi kabla ya kuweza kidogo. Mtoto wa Somorrostro wa miaka mine, asiyejua kuandika namba 12, aliingia humo bila kukosa, juu alikuwa amesikia vile tangu mikononi mwa mama yake.

Tena kuko jambo lingine. Katika flamenko mchezaji hafuati muziki kama sisi tunavyofuata redio. Ni yeye anatoa amri kwa miguu. Akipiga kisigino namna fulani, mpiga gitare anajua kwamba sasa wimbo ubadilike. Akisimama gafula, wote wanasimama. Mwenye gitare hatoi macho ku miguu yake. Ni mazungumzo ya watu watatu, mwenye kuimba, mwenye kupiga na mwenye kucheza, na hakuna aliye mtumishi wa mwingine.

Nilipofika hapo nilifikiri ngoma ya mbao ya Walokele, yenye sauti mbili, ya kiume na ya kike, ambayo inasema maneno kutoka kijiji mpaka kijiji kandokando ya mto. Mmisionere John Carrington, aliyefanya kazi Yakusu na Yalemba, aliijifunza, na mwaka 1949 alitoa kitabu kwa Kiingereza juu ya ngoma zinazosema. Alikuwa mtu wa elimu ya juu, lakini kwa jambo hili alikaa mwanafunzi kwa wapigaji wenyewe, katika vijiji, maana hakukuwa na mahali pengine pa kulipata. Hata wakati wake vijana wenye kwenda ku masomo walikuwa wameanza kuipoteza. Wangapi kati yetu, Walokele, Watopoke, Waturumbu, tunajua jina letu la ngoma? Ninauliza tu. Turudi kwa Carmen.

Alipokuwa na miaka sita hivi, wengine wanasema hata kidogo zaidi, baba yake alianza kumchukua usiku. Walikwenda kilabu kwa kilabu, baba na gitare yake, mtoto na viatu vyake. Baba alipiga, mtoto alicheza kati ya meza, watu walitupa vyuma vya makuta chini, mtoto akaokota. Inasimuliwa kwamba sheria ilikataza watoto wadogo kufanya kazi hiyo usiku, basi polisi alipotokea walimficha. Hapa sitaki kupamba maneno. Mtoto wa miaka sita saa sita ya usiku kati ya walevi si jambo la kusifu, sawa vile si jambo la kusifu tunapoona watoto wadogo wanauzisha biskuti usiku pale masua inapofunga. Lakini bila makuta ile jamaa haikukula. Wote wawili ni kweli, na sijui namna ya kuyatenganisha.

Mtoto huyo alikuwa mdogo wa mwili, mkavu, mweusi-mweusi wa sura, na macho makali. Watu walimpa jina La Capitana, ni kusema kapitene mwanamke. Mwandishi mmoja wa Barcelona, Sebastià Gasch, alimwona katika vilabu vile na kuandika juu yake katika gazeti, na kutoka hapo watu wenye viatu safi walianza kushuka kumwangalia. Mwaka 1929 alipelekwa Paris, pamoja na shangazi yake La Faraona, kucheza katika onyesho la mwimbaji Raquel Meller. Baada ya Paris alizunguka Hispania, alifika Madrid, alianza kuonekana katika sinema. Mwaka 1935 alicheza sehemu ndogo katika filme ya La hija de Juan Simón, na mwaka 1936 alifanya filme ya María de la O, mara hii yeye mwenyewe akiwa mtu wa kwanza.

Kisha vita. Mwezi wa saba 1936 Hispania ilipasuka mara mbili, ndugu dhidi ya ndugu. Siku ile Carmen na watu wake walikuwa kaskazini, ku mji wa Valladolid, kwa kazi ya kucheza. Hawakuweza kurudi nyumbani. Walivuka mpaka kuingia Ureno, wakacheza Lisbon, na mwisho wa mwaka ule wakapanda meli kwenda Buenos Aires, Argentina, wakiwa na mkataba wa siku chache. Sisi watu wa Tshopo tunajua maana ya kutoka nyumbani kwa siku chache na kukuta njia ya kurudi imefungwa. Zile siku chache kwake ziligeuka kuwa karibu miaka kumi na moja.

Argentina walimpokea vibaya sana kwa uzuri, kama wazee wanavyosema: watu walijaa mpaka hakuna pa kuweka mguu. Alizunguka Uruguay, Brazil, Chile, Kuba, Meksiko. Njiani aliungana na mpiga gitare mmoja Mgitano, Sabicas, ambaye wengi wanamhesabu kati ya wakubwa kabisa wa gitare ya flamenko. Mwaka 1941 walifika New York, na mwezi wa kwanza 1942 walicheza katika Carnegie Hall, nyumba ya muziki yenye heshima kubwa katika Marekani. Watu wa sinema wa Hollywood walimwita pia. Kati ya filme zake za kule kuko Follow the Boys ya mwaka 1944.

Lazima nieleze hapa alicheza namna gani, maana bila hiyo hamtaelewa kelele zote. Kabla yake, katika flamenko, kazi ya mwanamke ilikuwa zaidi juu ya kiuno: mikono, vidole, mabega, kichwa, na gauni refu lenye mkia ambalo linageuzwa kwa teke la nyuma. Kazi ya miguu, ile ya kupiga visigino kwa mbio na nguvu, ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Carmen alichukua miguu ya wanaume. Alipiga chini kwa mbio ambayo jicho halifuati, huku mgongo umenyooka kama mlingoti, kisha alizunguka mara moja akiinama nyuma, nywele zikafunguka na maua yakaanguka. Na kwa dansi nyingine alivua gauni akavaa suruali ya kiuno cha juu na koti fupi. Walikuwako wanawake wachache waliovaa hivyo ku jukwaa kabla yake, hata katika karne ya 19, lakini ni yeye aliyefanya watu waone kwamba si kichekesho. Fikirini vizuri: gauni refu linaficha goti. Suruali haifichi kitu. Mguu ukichelewa kidogo tu, watu wote wanaona.

Si wote walifurahi. Wazee wengine wa flamenko walisema kwamba anakwenda mbio sana, kwamba ameharibu dansi ya wanawake, kwamba mwanamke apige kwa mikono si kwa miguu. Hata leo kuko wenye kusema vile. Maoni yangu ni haya: mtu akitazama filme zake, ambazo leo zinapatikana hata katika simu, anaona kwamba hakuacha mikono hata kidogo. Aliongeza miguu juu ya mikono. Wasichana wa kelasi yetu wenye waliambiwa kwamba mekanike ni ya wavulana watanielewa upesi kuliko wengine.

Sasa habari ya sardini, maana wenzangu walionisaidia kusoma hii waliniambia nisiiache. Inasimuliwa kwamba huko New York, jamaa nzima ya Amaya ikikaa katika hoteli Waldorf Astoria, moja ya hoteli za bei sana, walitamani samaki wa kuchoma. Basi walichukua chuma cha kitanda, wakawasha moto kwa mbao za vyombo vya nyumba, wakachoma sardini ndani ya chumba. Sijui kama mambo yalikuwa hivyo kabisa. Hadithi kama hizi zilifuata Wagitano wote wenye kujulikana, na wenye kuzisimulia walipenda kuwacheka. Lakini mimi ninaamini harufu ya samaki. Mtu aliyekulia ku mchanga wa bahari hawezi kuishi kwa supu ya hoteli. Wanafunzi wa Isangi wakipelekwa Kinshasa wanatafuta nini siku ya kwanza, kama si samaki wa mto?

Jambo moja ni hakika. Makuta yote yaliyopatikana hayakuwa ya Carmen peke yake. Alisafiri na baba na mama, ndugu, dada, shemeji, watoto, kundi zima, na wote walikula kwa miguu yake. Mshahara wa mtu mmoja, vinywa ishirini: kwetu hakuna wa kushangaa. Pengine tunashangaa tu kwamba kwa wazungu pia inakuwaka. Na yeye hakuweza kusoma karatasi za mikataba zilizowekwa mbele yake. Kwa shida alijifunza kuandika jina lake tu. Basi mwanafunzi asije kwa Bwana Prefe na gazeti hili mkononi akisema kwamba Carmen Amaya alishinda dunia bila aljebra. Aliishinda, ndiyo, lakini watu wengine ndio waliohesabu faida.

Mwaka 1947 alirudi Hispania. Alitoka akiwa mchezaji mwenye jina, akarudi akiwa mtu mkubwa ambaye inchi yenyewe haikumjua tena vizuri. Mwaka 1948 alicheza London, kisha Paris na miji mingine, na miaka iliyofuata ilikuwa meli, treni, hoteli, jukwaa, tena meli. Mwaka 1951 aliolewa Barcelona na Juan Antonio Agüero, mpiga gitare wa kikundi chake. Agüero hakuwa Mgitano. Alikuwa mtu wa jamaa nzuri ya Santander, kaskazini. Katika siku zile ndoa ya namna hiyo haikupita bila maneno, kwa pande zote mbili. Wao walikaa pamoja mpaka kifo.

Sasa ninafika ku ugonjwa. Carmen alikuwa na figo dhaifu. Kazi ya figo, kama tulivyojifunza katika biolojia, ni kusafisha damu na kutoa uchafu kwa njia ya mkojo. Figo zikishindwa, uchafu unabaki katika damu na mtu anakufa pole pole kwa sumu ya mwili wake mwenyewe. Wakati ule mashini ya kusafisha damu ilikuwa ndiyo inaanza, na wagonjwa wachache sana duniani waliipata. Wenye kuandika maisha yake wanasema kwamba dansi ilimsaidia kuishi, kwa sababu kila usiku alitoka jasho jingi, na jasho linatoa kidogo ya uchafu ule. Nilimuuliza mwalimu wetu wa biolojia, naye alieleza kwamba jasho haliwezi kabisa kuchukua mahali pa figo. Lakini ninaelewa kwa nini watu wa kikundi chake waliamini hivyo. Walimwona mchana amelala, hana nguvu ya kula, na usiku anasimama na kupiga mbao za jukwaa mpaka zinatetemeka. Waliomba apumzike, na wakati uleule walijua kwamba akipumzika vinywa ishirini vinapumzika naye.

Mwezi wa pili 1959 mji wa Barcelona ulimwita Somorrostro. Nyumba za mbao zilikuwa bado pale, watu masikini walewale au watoto wao, mchanga uleule. Mji ulikuwa umejenga chemchemi ya maji, ukaipa jina la Carmen Amaya, na yeye alikuja kuifungua. Magazeti yalisifu sana. Mimi nilipohesabu miaka niliweka kalamu chini kidogo. Kama alizaliwa 1913, basi alikuwa na miaka zaidi ya 45, alikuwa amekwisha kucheza Carnegie Hall na dunia nusu, na zawadi ambayo mtaa wake ulipata juu yake ilikuwa bomba la maji. Lakini mama mwenye kubeba ndoo kutoka mbali hatacheka zawadi hiyo, na mimi pia sitaicheka, maana ninajua nani anatekaka maji kwetu na saa ngapi.

Filme yake ya mwisho inaitwa Los Tarantos, ya mwongozaji Rovira-Beleta. Ni habari ya kijana na msichana wa jamaa mbili za Wagitano zinazochukiana, sawa na Romeo na Juliet ambayo tulisomewa katika kelasi ya nne. Sehemu kubwa ilipigwa palepale Somorrostro. Carmen ni mama wa kijana. Alikuwa mgonjwa kabisa, na inaonekana: uso umevimba, macho yameingia ndani. Kuko mahali fulani katika filme ambapo anakaa mezani na watu wake, na anaanza kugonga meza kwa vidole vilivyokunjwa. Anagonga pole, kwa hesabu ile ya 12 niliyowaeleza juu. Wengine wanaingia na makofi. Kisha anasimama, na dakika chache hakuna ugonjwa. Mwenye kutaka kujua flamenko ni nini bila kusoma kurasa zangu hizi, aangalie mahali pale tu. Filme hiyo iliwekwa kati ya zile zilizochaguliwa kushindana kwa zawadi ya Oscar ya filme za inchi za kigeni, lakini yeye hakuishi mpaka siku ya zawadi.

Alikufa tarehe 19 ya mwezi wa kumi na moja 1963, katika nyumba yake ya Begur, mji mdogo ku bahari, kaskazini ya Barcelona. Siku tatu baadaye rais Kennedy aliuawa, na magazeti ya dunia yakasahau mambo mengine yote. Wagitano hawakusahau. Walikuja Begur kutoka kila upande kumzika. Baadaye mwili wake ulihamishwa mpaka Santander, katika kaburi la jamaa ya bwana yake, na huko uko mpaka leo, mbali na bahari yake ya utoto, karibu na bahari nyingine.

Mwaka 1966 serikali ilivunja Somorrostro. Nyumba za mwisho za mbao ziliondolewa, watu walipelekwa katika mitaa ya pembeni ya mji, jamaa huku, jamaa kule. Hapo duara zilizofundisha Carmen zilitawanyika pia. Mwaka uleule sanamu yake iliwekwa ku kilima cha Montjuïc. Leo mahali pa mtaa ni pwani safi ya watu kuoga, na kipande kimoja kimerudishiwa jina la Somorrostro.

Flamenko yenyewe haikufa. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliiandika kati ya mali ya wanadamu wote, sawa vile mwaka 2021 liliandika rumba yetu ya Kongo. Siku hizi kuko masomo ya flamenko, yenye vioo ukutani na bei ya mwezi, hata Japani wanajifunza kwa bidii sana. Wanajifunza hesabu ya 12 kwa kuiandika kwanza ku ubao. Na katika jamaa ya Amaya wenyewe, wajukuu wa ndugu zake Carmen bado wanacheza. Wale, nilivyosoma, waliianza nyumbani, kabla ya kujua kuhesabu.

Kiongozi wa wanafunzi,
finalisti